Kuchonga na Kuchapa Uwanja wa Picha: Uchapaji wa Ubao wa Kijapani katika Ukavu wa Dodoma

Uwanja wa picha ya kuchapwa kwa ubao ni eneo lote lililo nyuma ya umbo kuu: anga, ardhi, ukuta, maji, au rangi moja tu iliyotandazwa ili umbo lijitokeze. Katika uchapaji wa ubao wa Kijapani, uitwao mokuhanga, uwanja huchongewa ubao wake peke yake. Ubao huo hupakwa rangi ya maji iliyochanganywa na uji wa wanga, karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, kisha mgongo wa karatasi husuguliwa kwa mkono mpaka rangi izame ndani ya nyuzi. Mashine haihitajiki, wala wino wa mafuta.

Macho ya mtazamaji huupita uwanja upesi, lakini ndio unaowashinda wachapaji wengi. Umbo dogo lina mistari na kona nyingi, na kasoro hujificha humo. Uwanja hauna mahali pa kuficha kitu. Unywele mmoja wa burashi, kovu la patasi, sehemu ya karatasi iliyokauka kabla ya nyingine, vyote huonekana kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo ubora wa picha nzima hupimwa kwa ule mtandazo wa rangi unaoonekana kama hauna kazi ndani yake.

Kinachotawala mtandazo huo ni unyevu: wa ubao, wa karatasi, wa rangi na wa hewa. Mbinu hii ilikomaa katika nchi iliyozungukwa na bahari, yenye majira marefu ya mvua na unyevunyevu. Dodoma ni kinyume chake. Mji uko juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, hupata mvua isiyofikia milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua kali na upepo mkavu wa mashariki. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Kyoto au Tokyo yakifuatwa neno kwa neno katikati ya Agosti jijini Dodoma, karatasi itakauka kingo kabla ya mchapaji kumaliza kupaka ubao. Dawa yake ni kuutengeneza unyevu kwa mikono na kuulinda katika kila hatua.

Mahali pa mbinu hii katika uchapaji wa Afrika Mashariki

Uchapaji wa ubao si mgeni katika eneo hili. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, ililea wachapaji kadhaa, miongoni mwao Robino Ntila. Nchini Uganda, Fred Mutebi, mhitimu wa Makerere, amejulikana kwa picha za rangi nyingi zinazotokana na ubao mmoja: ubao huchongwa kidogo na kuchapwa, huchongwa tena na kuchapwa rangi inayofuata, hadi unakwisha. Katika njia hiyo uwanja kwa kawaida huchapwa mwanzoni, ubao ukiwa bado mzima, na kosa halina marudio kwa sababu ubao wa hatua iliyopita haupo tena.

Njia ya Kijapani huweka kila rangi kwenye ubao wake au kwenye upande wake wa ubao. Hugharimu mbao nyingi zaidi, lakini uwanja uliochapika vibaya leo unaweza kuchapwa upya kesho, na mchapaji anaweza kujaribu anga la asubuhi na la jioni kwa mbao zilezile. Njia hii ilikamilika mjini Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1765, pale Suzuki Harunobu na wachongaji na wachapaji walioshirikiana naye walipoanza kutoa picha za rangi kamili zilizolingana sawasawa. Katika kazi hizo mchoraji, mchongaji, mchapaji na mchapishaji walikuwa watu wanne tofauti. Anayefanya kazi peke yake huzibeba nafasi zote nne, na ni vyema azitenganishe kwa siku: siku ya kuchora, siku ya kuchonga, siku ya kuchapa.

Kupanga tabaka kabla ya kushika patasi

Hatua ya kwanza ni kuamua uwanja utagawanywa katika tabaka ngapi. Chukua picha ya mbuyu uliosimama mbele ya vilima vya mawe, na anga la jioni nyuma yake. Ubao wa kwanza ni wa mistari: shina, matawi na mipaka ya vilima. Ubao wa pili ni wa anga lote, uliochongwa ili kuuacha mbuyu na vilima vikiwa mashimo. Wa tatu ni wa vilima. Wa nne ni wa ardhi ya mbele. Mbuyu wenyewe unaweza kuwa na wa tano.

Maeneo mawili ya rangi tofauti yanaweza kukaa kwenye ubao mmoja endapo yako mbali kiasi cha kupakwa kwa burashi mbili bila kugusana. Anga la juu na ardhi ya chini mara nyingi hutimiza sharti hilo, hasa vilima vikikaa kati yao. Wajapani pia huchonga pande mbili za kila ubao, kwa hiyo mbao mbili hutosha kwa tabaka nne.

Anga linalotakiwa kuwa na kina huhitaji kuchapwa zaidi ya mara moja. Ubao uleule wa anga unaweza kuchapwa kwanza kwa manjano hafifu, kisha kwa wekundu unaofifia kutoka chini kwenda juu, kisha kwa buluu inayofifia kutoka juu kwenda chini. Mbao hazikuongezeka, lakini karatasi imepokea tabaka tatu, na kila moja inaonekana kupitia nyingine kwa kuwa rangi ya maji hupitisha mwanga.

Ubao unaofaa

Ubao wa asili wa kazi hii ni wa mcheri wa milimani, mti mgumu wenye nyuzi za karibukaribu zinazoshika mstari mwembamba bila kumeguka. Wachapaji wa sasa nchini Japani hutumia pia plaiwudi. Hilo ni jambo la kutia moyo kwa mchapaji wa Dodoma, kwa kuwa viwanda vya plaiwudi viko Mafinga, na mbao zake huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ubao wa uwanja hauhitaji ugumu wa ubao wa mistari. Kinachohitajika ni uso tambarare usio na vifundo, usiobanduka tabaka la juu ukilowa, na usiopinda. Kipande kidogo kilowekwe usiku kucha kabla ya kununua bapa zima. Kikifumuka kingo, plaiwudi hiyo haifai kwa rangi ya maji.

Mninga huchongeka vizuri lakini una vinyweleo vikubwa, na uwanja utakaochapwa juu yake utakuwa na vidoa virefu vyembamba vyeupe. Kwa anga tulivu hiyo ni kasoro. Kwa ardhi au mwamba ni pambo. Mpingo ni mgumu kupita kiasi na haupatikani kwa upana unaotosha. Msindano wa Sao Hill ni laini, na pete zake za ukuaji ni ngumu na laini kwa zamu, kwa hiyo hufaa pale ambapo sura ya mti inatakiwa ionekane.

Nyuzi za mti zielekee upande mrefu wa picha. Anga la picha ya mlalo lililochapwa kwa ubao wenye nyuzi za wima huonyesha michirizi inayoshuka kama mvua, hata pale ambapo mvua haikukusudiwa. Uso ulainishwe kwa randa kali au kwa kikwangulio kuliko kwa msasa, kwa maana vumbi la msasa huziba vinyweleo na nyuzi zilizochanwa husimama mara tu maji yanapogusa. Msasa ukilazimu, uso ulowekwe kidogo, uachwe ukauke, kisha upitishwe msasa laini sana mara ya mwisho na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Ubao mzito wa mti mmoja hupinda ukilowa upande mmoja na kukauka upande wa pili, na Dodoma hilo hutokea ndani ya asubuhi moja. Wajapani huzuia kupinda kwa kufunga vipande vya mti kwenye ncha mbili za ubao, nyuzi zikikata nyuzi. Mbali na hilo, mchapaji aulowanishe mgongo wa ubao pamoja na uso, na kati ya vipindi vya kazi auhifadhi ndani ya mfuko wa nailoni.

Kuhamisha mchoro na alama za kulinganisha

Ubao wa uwanja hauchorwi upya kwa mkono. Kwanza ubao wa mistari huchongwa pamoja na alama zake za kulinganisha, ziitwazo kento. Alama hizo ni mbili: moja ina umbo la kona na hupokea pembe ya karatasi, ya pili ni mstari mfupi ulionyooka ambao huzuia ukingo mrefu wa karatasi. Kwa mchapaji anayetumia mkono wa kulia, kona hukaa chini upande wa kulia, na mstari hukaa kwenye ukingo huohuo wa chini kuelekea kushoto. Zote ziko nje ya picha, na kina chake ni kama milimita moja, kiasi cha karatasi kutulia bila kupanda juu.

Ubao wa mistari huchapwa kwenye karatasi nyembamba, nakala moja kwa kila tabaka, na alama za kento hupakwa wino na kuchapwa pia. Kwenye kila nakala maeneo ya rangi husika hutiwa alama kwa rangi hafifu. Nakala ya anga hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa anga kwa uji mwepesi, huachwa ikauke, kisha mgongo wake husuguliwa kwa ncha ya kidole chenye unyevu mpaka karatasi ibaki utando unaoonyesha mistari waziwazi. Sasa picha na alama zimekaa pamoja kwenye ubao mpya kwa umbali uleule, na ndiyo sababu tabaka zote zitalingana. Nakala isinyooshwe wakati wa kubandika. Karatasi nyembamba ikilowa hutanuka, na milimita moja iliyoongezeka hapa haiwezi kuondolewa baadaye. Uji upakwe kwenye ubao, usipakwe kwenye karatasi.

Kuchonga ubao wa uwanja

Mpaka wa rangi ya uwanja haukatwi kando ya mstari mkuu bali chini yake, katikati ya unene wake. Mstari mweusi utafunika kiungo, na tofauti ndogo ya mlingano haitaacha ufa mweupe kati ya tawi na anga. Picha isiyo na mistari huhitaji rangi nyepesi iingie kidogo chini ya rangi nzito, nusu milimita hadi milimita moja.

Kisu hutangulia, bobari hufuata. Chukua mahali ambapo tawi jembamba la mbuyu linaingia angani. Ubao wa anga unapaswa kuliacha tawi hilo kama mfereji, na kingo za anga zikiwa zimesimama pande zote mbili. Kisu huinamishwa kidogo ili mkato wake upanuke kadiri unavyoshuka kutoka ukingo wa anga. Ukingo unabaki na mguu mpana chini, na hautavunjika burashi inapopita mara mia. Mkato wa pili hutoka ndani ya tawi kuelekea mkato wa kwanza, na mti wa katikati hutoka kama uzi wenye umbo la pembetatu. Kwenye pembe ya matawi mawili kisu huanzia pembeni na kuvutwa kuelekea nje, kwa sababu kikielekezwa pembeni huteleza na kukata anga lenyewe. Kipande cha ukingo kikimeguka, kigandishwe palepale kwa gundi ya mbao kabla hakijapotea kwenye taka.

Baada ya mipaka yote kukatwa, mti usiohitajika huondolewa kwa bobari. Karibu na ukingo kina cha milimita mbili au tatu hutosha, na kiongezeke kadiri eneo linavyokuwa pana, kwa sababu karatasi yenye unyevu hulegea na kugusa sakafu ya shimo kubwa. Katika shimo pana sana, kama lile linaloachwa na shina la mbuyu, kisiwa kidogo kinaweza kubakizwa katikati ili kuibeba karatasi. Kisiwa hicho hakipakwi rangi.

Hapo kuna jambo ambalo ni la ubao wa uwanja hasa. Katika ubao wa umbo, sehemu iliyoinuka ni ndogo na iliyochimbwa ni kubwa. Katika ubao wa uwanja mambo ni kinyume: karibu uso wote umeinuka, na mashimo ni machache. Burashi inayopita juu ya shimo huangusha rangi ndani, na inapopanda ukingo wa upande wa pili huacha rangi nyingi pale. Matokeo yake ni mstari mzito unaozunguka umbo. Kuta za mashimo zinapochongwa kwa mteremko mpole badala ya kusimama wima, burashi hushuka na kupanda bila kukwaruzwa. Mchapaji naye apitishe ncha ya kitambaa kwenye kingo kila baada ya chapa chache.

Pale ambapo uwanja unatakiwa kuishia bila ukingo, kama ukungu juu ya vilima, mpaka haukatwi kwa kisu. Ukingo huteremshwa kwa randa ndogo au patasi bapa kwa upana wa sentimita moja au zaidi, kisha hulainishwa kwa msasa mpaka mteremko usihisike kidoleni. Shinikizo la mkono hupungua polepole juu ya mteremko huo, na rangi hufifia yenyewe.

Karatasi na unyevu wake

Karatasi ya kazi hii hutokana na nyuzi za ndani ya gome la kozo, aina ya mforosadi. Jamaa yake wa karibu anajulikana vizuri Afrika Mashariki: mutuba, mti unaotoa nguo ya gome ya Buganda, uko katika ukoo huohuo wa miti, na nguo yake hutengenezwa pia kwa gome la ndani. Nyuzi hizo ni ndefu, kwa hiyo karatasi hustahimili kulowa na kusuguliwa mara nyingi. Karatasi ya ofisini ina nyuzi fupi na huchanika inaposuguliwa ikiwa na unyevu. Pale ambapo kozo haipatikani, karatasi nene ya rangi ya maji yenye pamba hufaa zaidi.

Karatasi hulowanishwa siku moja kabla. Burashi pana hupitisha maji kwenye gazeti tupu au karatasi ya kunyonya, karatasi mbili au tatu za kuchapia hulazwa juu yake, linafuata gazeti jingine lenye maji, na hivyo hivyo hadi rundo likamilike. Rundo hufungwa ndani ya nailoni na kuwekewa uzito mwepesi usiku kucha. Asubuhi kila karatasi iwe baridi na legevu ikiguswa shavuni, lakini isiwe na mng'ao wa maji juu yake.

Wakati wa kiangazi cha Dodoma rundo hilo lisifunguliwe kwa zaidi ya kutoa karatasi moja. Karatasi iliyochapwa irudi mara moja kwenye rundo la pili, nalo lifunikwe kwa gazeti lenye unyevu na nailoni. Karatasi inayokauka husinyaa, na ikisinyaa alama za kento hazina msaada tena: tabaka la pili litakaa milimita moja au mbili nje ya mahali pake, hasa upande ulio mbali na kona. Kazi ianze alfajiri, kabla upepo haujashika kasi. Madirisha ya upande wa mashariki yafungwe, magunia yaliyolowekwa yatundikwe kwenye yale yanayobaki wazi, na sakafu ya saruji imwagiwe maji. Feni isiwashwe. Miezi ya mvua ndiyo ya kuchapia viwanja vikubwa. Kiangazi kinafaa zaidi kwa kuchonga na kukausha mbao.

Rangi, uji na burashi

Rangi huwa ya unga uliosagwa na maji, au rangi ya maji ya kwenye mirija. Wajapani walitumia masizi kwa weusi, na udongo wenye kutu ya chuma kwa wekundu wa matofali; vyote viwili vinapatikana uwanda wa kati. Ngeu, yaani udongo huo mwekundu, ndiyo rangi ya michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na uimara wake hauhitaji ushahidi mwingine. Udongo mwekundu hukorogwa kwa maji mengi, huachwa kidogo mchanga utulie, na maji yenye rangi humiminwa kwenye chombo kingine. Baada ya kurudia mara kadhaa, kinachotuama mwishoni ni unga laini usiokwaruza ubao. Husagwa na maji juu ya kioo kabla ya kutumika.

Uji hupikwa kwa unga wa mchele au wanga wa muhogo, sehemu moja kwa sehemu tano za maji, ukikorogwa mpaka ung'ae, kisha huchujwa kwa kitambaa. Hauwekwi zaidi ya siku mbili kwenye joto. Kazi yake ni kuifanya rangi ishike na itandazike sawasawa. Burashi za asili ni za manyoya ya farasi, fupi na ngumu kiasi. Burashi mpya ya viatu ya manyoya ya farasi, iliyooshwa vizuri, hufanya kazi hiyo. Uwanja mkubwa unahitaji burashi kubwa.

Kuchapa mtandazo

Mpangilio wa kawaida ni mistari kwanza, kisha maeneo madogo na rangi nyepesi, na maeneo makubwa na rangi nzito mwishoni. Uwanja mkubwa huingiza maji mengi ndani ya karatasi, na ukitangulia huvuruga mlingano wa vyote vinavyofuata.

Ubao hufutwa kwa kitambaa chenye maji na kuachwa unywe, kwani ubao mkavu hunyonya rangi kabla karatasi haijafika. Matone ya rangi huwekwa mahali kadhaa, na doa la uji lenye ukubwa wa punje ya mahindi huwekwa kando yake. Burashi huzungushwa kwa nguvu kuchanganya hapohapo juu ya ubao, huvutwa kwa mlalo na wima, na hufunga kwa mapigo mepesi yanayofuata nyuzi za mti. Ubao uliopakwa sawasawa una mng'ao hafifu kama wa ngozi iliyopakwa mafuta. Vidimbwi vikionekana, rangi imezidi. Karatasi hutulizwa kwenye kona kwanza, kwenye mstari pili, kisha hulazwa polepole.

Kifaa cha kusugulia, baren, ni kisahani chenye kipenyo cha sentimita 12 hivi: kamba nyembamba iliyosokotwa na kuzungushwa kama mkeka, ndani ya ganda la mwanzi. Vifundo vya kamba hukusanya shinikizo kwenye nukta ndogondogo nyingi. Mwiko wa mbao unatosha kwa umbo dogo, lakini kwenye uwanja huacha mistari ya njia yake. Kisahani cha plaiwudi chenye kamba ngumu iliyozungushwa na kugandishwa, kilichofunikwa kwa kitu laini kisichopitisha maji, kinafuata kanuni ileile. Karatasi ya kuokea iwekwe kati ya baren na karatasi ya picha ili mgongo usichubuke. Mafuta ya kulainishia yawe tone moja tu, na ya karanga yafaa kuliko ya alizeti, ambayo yakikaa hugeuka kunata.

Mkono uanze kwa uzito mwepesi kuikalisha karatasi, kisha mwili wote usukume kwa mizunguko midogo inayopandana, ukingo kwa ukingo, bila kuruka mahali. Mtandazo mzito haupatikani kwa chapa moja. Mbili au tatu nyembamba hutoa rangi yenye kina na safi kuliko moja nene. Karatasi tatu au nne za mwanzo zihesabiwe kuwa za majaribio, kwa sababu ubao bado unatafuta kiwango chake cha unyevu.

Rangi inayofifia

Bokashi ni mfifio wa rangi kutoka nzito hadi karatasi tupu. Kwa kawaida haichongwi, hutengenezwa upya juu ya ubao kwa kila karatasi. Katika picha mia moja na zaidi za mandhari ya Edo ambazo mchoraji Hiroshige alizitoa kuanzia mwaka 1856, ukanda wa rangi nzito ukingoni mwa anga unaojitokeza tena na tena ni kazi ya mkono wa mchapaji.

Sehemu ya ubao ambako rangi inatakiwa kuisha hulowanishwa kwa kitambaa. Burashi huchovywa rangi upande mmoja tu, upande wa pili ukiwa na maji. Hukokotwa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo wa ubao, ikienda na kurudi bila kuinuliwa, huku ikisogezwa taratibu kuelekea sehemu yenye maji. Mfifio huchapwa mara mbili au tatu, na kila mara uishie mahali tofauti kidogo ili mpaka usijenge mstari. Katika hewa kavu maji ya ubao huondoka upesi, kwa hiyo mtu wa pili husaidia sana: mmoja apake, mwingine alaze karatasi.

Viwanja vyenye sura ya mti na vya ulanga

Uwanja unaweza kuonyesha ubao wenyewe. Msindano husuguliwa kwa burashi ya waya kufuata nyuzi mpaka sehemu laini zishuke na pete ngumu zisimame. Rangi hupakwa nyembamba, uji kidogo, na baren husukumwa kwa nguvu. Picha ya ardhi kavu au upepo wa vumbi hupata uhai kwa njia hii.

Uwanja wa fahari kuliko wote ni wa unga wa ulanga. Picha za waigizaji alizochora Sharaku mwaka 1794, zikitolewa na mchapishaji Tsutaya Juzaburo, zilikuwa na viwanja vya ulanga vyenye giza vinavyometa picha ikiinamishwa. Tanzania ina ulanga wake, uliowahi kuchimbwa katika milima ya Uluguru zama za Wajerumani. Rangi ya uwanja huchapwa kwanza na kuachwa ishike, kisha ubao uleule hupakwa uji mzito au gundi na kuchapwa tena. Unga hupepetwa juu ya karatasi, na uliozidi huondolewa kwa burashi laini baada ya kukauka. Barakoa ivaliwe, kwa maana vumbi la ulanga hudhuru mapafu.

Kutambua kasoro

Uwanja wenye chembe nyeupe kama ufuta unaonyesha upungufu wa rangi, uji au nguvu, au karatasi iliyokauka. Wajapani huutumia pia kwa makusudi, kwa maji mengi, bila uji na kwa mkono mwepesi. Michirizi inayong'aa ni uji uliozidi. Rangi inayovuka mpaka wake ni maji yaliyozidi kwenye ubao au karatasi. Mstari mzito kuzunguka umbo ni rangi iliyokusanyika kwenye kingo za mashimo. Madoa ya mviringo yaliyofifia ni njia za baren, na huondoka kwa chapa ya pili iliyosuguliwa kwa mwelekeo mwingine. Uwanja uliohama upande mmoja tu unaelekeza kwenye karatasi iliyosinyaa. Uliohama wote kwa pamoja unaelekeza kwenye alama ya kento, ambayo hurekebishwa kwa kuichonga kidogo au kuibandikia kipande chembamba cha mti.

Kasoro ishughulikiwe kwa kubadili jambo moja kwa wakati. Anayeongeza maji, uji na nguvu pamoja hatajua ni kipi kilichoponya.

Kukausha na kuhifadhi

Picha zilizokamilika hazianikwi juani wala kwenye upepo, kwa sababu hujikunja na uwanja hupasuka mikunjo. Hulazwa kati ya kadi kavu za kunyonya chini ya uzito, na kadi hubadilishwa kila siku hadi zitoke bila unyevu. Mbao huoshwa kwa maji na burashi bila sabuni, hukaushwa kivulini zikiwa zimesimama ili pande zote zipate hewa sawa, kisha hufungwa kwa karatasi na kuwekwa juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta, mchwa wasizifikie. Kila ubao uandikwe mgongoni jina la picha, tabaka, rangi zilizotumika na idadi ya mara ulizochapwa kwenye kila karatasi. Kwa maandishi hayo uwanja uleule unaweza kuchapwa tena mvua zijazo na kutoka na rangi ileile.